Kuchoma vyungu kwa moto wa wazi: hatari ipi uibane, ipi uiachie

Kazi ya wiki mbili inaweza kuisha ndani ya robo saa motoni. Moto wa wazi, ule wa kuni, nyasi na mavi makavu ya ng'ombe unaowashwa chini bila tanuri, hauna kipimajoto wala mlango, na upepo ukigeuka mambo yote yanageuka. Lakini ndio moto unaotoa mawaa ya moshi, wekundu unaofifia taratibu kuelekea manjano, na weusi wenye kina ambao tanuri la umeme haliutoi lenyewe. Ndiyo maana wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, na wafinyanzi wengi wa Kijaluo wa upande wa Ziwa Viktoria hawajauacha.

Katika kazi hii kuna hatari za aina mbili, na wanaoanza huzichanganya. Moja ni chungu kupasuka. Hiyo haikuongezei kitu, inakula udongo, muda na fedha tu. Nyingine ni kutojua rangi itatokaje: waa litakaa wapi, wekundu utakolea kiasi gani, ubavu upi utakuwa mweusi. Hiyo ndiyo inayokipa chungu sura yake, na ukiifuta yote hakuna sababu ya kuhangaika na moshi. Unachotakiwa kufanya ni kuibana ile ya kwanza kwa kila njia, ili ile ya pili uweze kuiachia nafasi bila woga.

Udongo

Sehemu kubwa ya hasara huamuliwa kabla kiberiti hakijawashwa. Udongo laini sana, ule unaopendeza mkononi, kwa moto wa wazi ni hatari: chembe zake zimebanana, mvuke haupati njia ya kutoka, na joto la upande mmoja linalichana gamba lote. Unahitaji kuchanganya kitu kigumu kinachoacha vijinjia ndani ya ukuta wa chungu.

Vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikitwangwa, ndivyo bora kuliko vyote. Vimeshapita motoni, kwa hiyo havisinyai tena. Twanga kwenye kinu kizee, chekecha, na uache chembe zisizozidi milimita 2. Kwa mitungi mikubwa milimita 3 zinafaa. Anza na makopo 3 ya udongo kwa kopo 1 la vigae. Chungu kikizidi sentimita 30 kwa kimo, fika hadi makopo 2 kwa 1, ukijua kwamba udongo huo utakuwa mkaidi kidogo na mdomo wa chungu utapenda kuchanika unapouvuta. Mchanga wa mtoni unafaa pia, lakini usiuzidishe. Sehemu kubwa ya mchanga huo ni madini yaitwayo kwazi (quartz), na kwazi hutanuka ghafla joto linapofika nyuzi 573 za Selsiasi, kisha husinyaa ghafla kwenye joto hilo hilo chungu kinapopoa. Udongo wenye mchanga mwingi unaweza kuvuka moto salama ukapasuka wakati wa kupoa.

Anayechimba udongo pwani awe macho na chokaa, kwa sababu ardhi ya huko imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Chembe ya chokaa ikichomwa hubadilika, halafu hunywa unyevu wa hewani, huvimba na kubandua kipande cha ukuta, siku kadhaa au hata wiki baada ya kuchoma. Chungu kinauzwa kizima, kinabomokea kwa mteja. Kipimo chake ni rahisi: dondoshea siki kwenye bonge kavu la udongo. Ukiona povu, tafuta shimo jingine, au uloweshe udongo wote uwe uji na kuuchuja kwa chekeche ya unga. Chokaa iliyosagika sana na kutawanyika haina madhara kama punje moja yenye ukubwa wa mtama.

Kabla ya kufinyanga chungu hata kimoja, tengeneza vipande vya majaribio: vijiti bapa vya sentimita 15, kila kimoja kikiwa na mstari wa sentimita 10 kamili uliochorwa kwa ncha ya kisu. Vikikauka, pima mstari. Ukikuta 9.3, udongo umesinyaa kwa asilimia 7. Ukizidi asilimia 8, ongeza vigae. Kisha weka vijiti pembeni mwa jiko la mkaa kwa saa nzima mpaka vipate joto, ndipo uvifukie katikati ya mkaa. Vijiti vitano vya kila mchanganyiko vinatosha. Kwa gharama ya kopo moja la mkaa utajua jambo ambalo vinginevyo ungelijua kwa kupoteza vyungu kumi na tano.

Kufinyanga na kukausha

Hapa tunapita haraka, maana kanuni ni moja: unene sawa kila mahali, milimita 7 hadi 10. Kitako kinene ndicho kinachoua vyungu vingi. Wapo wanaoamini kwamba kiputo cha hewa ndani ya udongo ndicho kinacholipuka. Hewa peke yake haifanyi hivyo. Anayelipua ni maji yaliyobaki ndani ya sehemu nene. Ukitoboa kiputo ukaacha kitako cha sentimita 2 na nusu, hujatatua chochote.

Ukitaka mng'aro, sugua kwa kokoto laini ya mtoni wakati ukuta umekaza lakini bado unapokea alama ya kucha. Ukisugua mapema, kokoto inachimba. Ukichelewa, inakwaruza tu.

Kausha kivulini, siku 7 kwa vyungu vidogo na siku 14 kwa vikubwa, ukivigeuza kila siku ili kitako kisichelewe. Masika ongeza siku. Usikisie: weka chungu kimoja kwenye mizani ya jikoni kila asubuhi. Uzito ukiwa ule ule siku mbili mfululizo, kimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Kadiri hewa inavyoruhusu, si kabisa. Unyevu uliobaki ndio kazi ya hatua inayofuata.

Kupasha

Ukibana hatari mahali pamoja tu, ibane hapa. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi kubwa kuliko mara 1,600 ya ile ya awali. Ndani ya ukuta wa chungu nafasi hiyo haipo, na moto mkali ukikifikia chungu chenye unyevu, mvuke unajitengenezea njia kwa kurusha vipande.

Washa moto mdogo wa kuni. Panga vyungu kuuzunguka, umbali wa mita 1, midomo ikiuelekea. Kila baada ya dakika 15 geuza kila kimoja robo mzunguko, na kila baada ya nusu saa visogeze karibu kwa kama shibri moja. Vyungu vya kawaida vinahitaji saa 2 hadi 3. Siku ya unyevunyevu, au vyungu vikiwa vinene, saa 4.

Saa ni mwongozo tu, chungu chenyewe ndicho kitakwambia. Chukua kipande cha kioo kilicho baridi, kishike juu ya mdomo wa chungu kwa sekunde tano. Kioo kikiota ukungu, bado. Rudia baada ya dakika 20. Kioo kikitoka safi mara mbili, dondoshea tone moja la maji kwenye kitako kwa nje: likichemka na kupotea papo hapo, ukuta umeshapita nyuzi 100. Angalia vyungu vyote, hasa vile vilivyokuwa upande wa upepo, kwa maana ndivyo vinavyobaki nyuma. Kimoja kikishindwa, kitoe kwenye kundi. Kikilipuka katikati ya lundo kitapiga vyungu viwili vitatu vya jirani.

Hapa kwa kawaida watu huchoka kusubiri. Jua linazama, kuni zipo tayari, na vyungu vinaonekana vikavu. Kama muda hautoshi, ahirisha. Chungu kilichopashwa leo kinaweza kupashwa tena kesho bila madhara.

Kupanga na kuwasha

Chagua mahali penye ukuta au kichaka cha kukinga upepo, chimba shimo la kina cha sentimita 20 hadi 30, na uchome nyasi ndani yake kwanza ili ardhi ikauke. Ardhi mbichi hutoa mvuke chini ya vitako. Tandaza tabaka la mavi makavu ya ng'ombe au kuni nyembamba, unene wa sentimita 15. Hamishia vyungu vikiwa bado vya moto, vikubwa chini, midomo ikiangalia chini au ubavuni. Funika vyungu kwa vigae vikubwa vilivyovunjika zamani ili ulimi wa moto usivilambe moja kwa moja. Zungushia mavi na kuni, sentimita 20 hadi 30 kila upande, kisha nyasi juu.

Kila kiwashio kina tabia yake. Nyasi huwaka kwa haraka na kufa haraka. Mavi ya ng'ombe huungua polepole na hubaki na umbo lake, hivyo hushika joto kama blanketi. Pumba za mpunga huenda polepole zaidi, zinaweza kufuka usiku kucha. Makumbi ya nazi hutoa moshi mwingi na joto la wastani. Kuni za kipimo cha dole gumba ni salama kuliko magogo, kwa sababu gogo likiporomoka linavunja.

Washa upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo badala ya kukimbia nao. Dakika 15 za kwanza usiongeze kitu. Ukisikia mlio wa kupasuka, usifungue lundo, umeshachelewa, na hewa baridi itaharibu vilivyo salama. Simama mita 3 nyuma, vaa nguo za pamba na miwani, na watoto wakae mbali.

Ukipanga kuanza alasiri, kilele cha moto kitaangukia magharibi, na giza litakusaidia kusoma joto kwa macho. Wekundu hafifu unaoonekana gizani tu ni kama nyuzi 550: chungu hicho kikitoka sasa kinaweza kurudi kuwa matope kikiloweshwa. Wekundu ulioiva, unaoonekana wazi, ni nyuzi 700 hadi 800. Unapoona rangi ya chungwa umekaribia 900. Lenga wekundu ulioiva na uushikilie dakika 15 hadi 20 kwa kuongeza kuni nyembamba pale palipo na giza.

Moshi: hatari unayoiachia

Sasa ndipo kutojua kunapokuwa na faida. Rangi ya chungu hutegemea chuma kilichomo kwenye udongo na hewa inayokifikia. Hewa ikiwa nyingi, chuma huwa chekundu. Hewa ikikatwa na moshi ukajaa, wekundu hugeuka kuwa kijivu na weusi, na kaboni ya moshi huingia ndani ya vitundu vya udongo. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanya kazi Uingereza, amejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya mlango huu mmoja: chungu kikichomwa kwenye hewa nyingi hutoka chungwa, kikichomwa tena hewa ikibanwa hugeuka cheusi.

Kwa moto wa wazi, njia ya kwanza ni kufunika lundo lote. Vyungu vikiwa vyekundu na miali imepungua, mwaga juu yake mavi ya ng'ombe yaliyosagwa au vumbi la mbao, tabaka la sentimita 10, kisha jivu au mchanga mkavu mpaka moshi usitoke popote. Acha mpaka kesho. Njia ya pili ni ya chungu kimoja kimoja: weka vumbi la mbao, sentimita 5, ndani ya pipa la chuma, toa chungu kutoka motoni kwa koleo refu kikiwa chekundu, kitie ndani, mwagia vumbi jingine, funga mfuniko na uzibe kingo kwa udongo mbichi. Usifungue kabla ya saa 1. Ukifungua mapema, hewa inaingia, kaboni inaungua, na weusi unapotea mbele ya macho yako. Njia hii inahitaji udongo wenye vigae vya kutosha, kwani chungu kinapitia badiliko la joto la ghafla.

Unaweza kuelekeza bila kuamuru. Fungia chungu kamba ya makumbi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kukaushwa: mara nyingi huacha mstari wa chungwa au kahawia pale ilipogusa. Mwani mkavu, ambao Unguja na Pemba haukosekani, hufanya kazi ile ile kwa sababu ya chumvi yake. Jani bichi lililobanwa kati ya chungu na kigae huweza kuacha kivuli chake. Kokoto au kigae kilichoegemea ubavu huzuia moshi na kuacha doa jekundu. Moshi wa chumvi unawasha mapafu, kaa upande upepo unakotoka. Usitumie mbao zilizopakwa rangi au dawa. Wengine hutia chumvi za shaba ili kupata wekundu wa waridi; chungu cha namna hiyo kisitumike kamwe kwa chakula.

Hapa weka mipaka mapema. Amua kabla ya kuwasha ni mambo gani yatabaki kwa moto na yapi ni yako. Umbo, mng'aro na unene ni vyako. Mahali pa waa ni pa moto. Badili jambo moja tu kwa kila uchomaji: leo mwani, kesho aina ya pumba. Ukibadili matatu, rangi nzuri ikitokea hutajua uishukuru ipi, na hutaweza kuirudia. Chora namba kwenye kitako cha kila chungu kikiwa kibichi, na uandike daftarini kilikaa wapi kwenye lundo, upepo ulitoka wapi na kilifunikwa na nini. Baada ya mioto sita au saba daftari hilo litakuwa na thamani kuliko koleo.

Kusoma kilichovunjika

Usitupe kigae kabla hujakitazama. Kipande bapa cha mviringo kilichobanduka ukutani, kikiwa na umbo la sahani ndogo, ni mvuke: hukupasha vya kutosha. Chungu kilichosambaratika vipande vingi vidogo, ni mvuke pia, au moto ulipanda kwa kasi mno. Ufa wa mlalo unaofuata mzunguko wa chungu ni kiungo kati ya miviringo ya udongo uliyoipandanisha kujenga ukuta, ambacho hakikukandamizwa vizuri. Ufa kwenye kitako unaanzia kwenye kukausha, kitako kilibaki kibichi wakati kuta zimeshasinyaa.

Ufa mrefu unaoshuka kutoka mdomoni una maelezo mawili, na rangi ndiyo inayoamua. Vunja chungu kwenye ufa huo na utazame ndani. Uso wa ufa wenyewe ukiwa na masizi au rangi sawa na nje, ufa ulikuwepo kabla ya kilele cha moto, tafuta kosa kwenye kukausha au kupasha. Uso ukiwa safi na wenye makali, ufa umetokea kwenye kupoa: ulitoa mapema, upepo ulipiga, au mchanga umezidi. Kishimo chenye nukta nyeupe katikati ni chokaa. Kigae chenye mstari mweusi katikati ya unene wake kinaonyesha kuwa uozo wa mimea uliomo kwenye udongo haukuungua wote, jambo ambalo kwa chungu cha maua halina shida.

Hesabu ya hasara

Daftari likishakuonyesha kwamba kwa kawaida kimoja kati ya vitano kinavunjika, usifinyange 13 kwa oda ya 10 ukidhani umejikinga. Kwa wastani 13 vinatosha, lakini takriban oda moja katika kila nne utapungukiwa. Ukifinyanga 15, ni takriban moja katika 16. Na hata hesabu hiyo inachukulia kwamba kila chungu kina bahati yake. Motoni si hivyo: upepo mmoja unavipiga vyote pamoja. Gawa oda kwenye mioto miwili ya siku tofauti, vyungu 8 kwa 7, na vilivyo bora visiwe vyote kwenye lundo moja. Majaribio ya rangi yafanyie kwenye vikombe na vibakuli vidogo, ndani ya moto huo huo wa oda, pembeni mwa lundo. Hivyo kila moto unakulipa na kukufundisha pamoja.

Gharama ya vilivyovunjika iingie kwenye bei ya vilivyopona. Vyungu 15 vikikugharimu shilingi 60,000 kwa udongo, kuni na siku zako, na vikapona 12, kila kimoja kimegharimu 5,000, si 4,000.

Na mteja aambiwe mapema. Mwonyeshe vyungu vitatu vya moto mmoja: kilichotoka chekundu, chenye mawaa, na cheusi. Mkubaliane kwa maandishi kimo, umbo na idadi, na rangi iandikwe kuwa ni kati ya hizo tatu. Akitaka weusi mtupu, tumia pipa na utoze zaidi. Akitaka vyote vifanane kabisa, mpeleke kwa mwenye tanuri. Kabla ya kumkabidhi, gonga kila chungu kwa kifundo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kama udongo wako umetoka pwani, viweke kwanza wiki mbili mahali penye unyevu, kisha uvipitie tena kimoja kimoja.